Chupa za dripu zikipungua wodini: mwongozo kwa wauguzi wa Unguja na Pemba

Mwishoni mwa Septemba 2024 kimbunga Helene kilipita Marekani, na mafuriko yake yakaingia kwenye kiwanda cha Baxter kilichopo North Cove, jimbo la North Carolina. Kiwanda hicho kimoja kilikuwa kikitoa takriban asilimia 60 ya maji ya dripu ya nchi nzima. Hospitali zilizozoea kuwa na kila kitu zikajikuta zinahesabu chupa moja moja. Kwetu wala hakuhitajiki kimbunga. Kusi likishika na boti ya mizigo ikachelewa kufika Mkoani, au masika yakaleta kuharisha Unguja na Pemba kwa wakati mmoja, stoo iliyokuwa na makatoni mpaka juu inabaki na safu moja chini.

Mwongozo huu ni wa wodi ya kawaida ya hospitali ya wilaya, iwe Micheweni, Wete, Kivunge au Makunduchi, ambako hakuna mashine ya kupimia dripu na muuguzi huhesabu matone kwa saa ya mkononi. Chupa zinazozungumzwa ni za mililita 500: salaini (maji ya chumvi) ya asilimia 0.9, ringa (maji ya chumvi za aina kadhaa), na dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 5, ambayo wengi tunaiita D5. Mpira wa dripu ni ule wa matone 20 kwa mililita. Ule wa watoto wenye matone madogo ni 60. Tizama paketi kabla ya kupiga hesabu, maana ipo mipira ya matone 15 na mtu akiikosea maji yanakwenda kasi kuliko alivyokusudia.

Kubana matumizi si kumpa kila mgonjwa nusu ya haki yake. Mzazi anayemwaga damu baada ya kujifungua anapewa chake chote, tena haraka. Chupa nyingi wodini hazimalizwi na wagonjwa mahututi. Zinamalizwa na mazoea, na hayo ndiyo ya kukatwa. Amri ya kubadilisha au kusimamisha dripu inabaki kwa daktari. Muuguzi aende kwenye raundi na hesabu mkononi na pendekezo tayari.

Hatua ya 1: Hesabu chupa, kisha hesabu siku

Hesabu kwa mkono, usiiamini kadi ya stoo. Pita stoo, kabati la wodi, toroli la dharura, chumba cha kuzalishia, na ile akiba ambayo zamu ya usiku huiweka chini ya meza. Kila wodi inayo na kila mtu anaijua. Ihesabu bila ya kumlaumu mtu, kwa sababu ukianza kulaumu, kesho itahamia pahala usipopajua.

Chukua matumizi ya siku 7 zilizopita, gawa kwa 7. Tuseme wodi ina chupa 96 na inatumia 12 kwa siku: una siku 8. Mzigo unaofuata unatarajiwa baada ya siku 14. Usikimbilie kugawa 96 kwa 14. Kwanza toa akiba ya dharura. Mtu mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa vibaya kwa kipindupindu anahitaji mililita 100 kwa kila kilo, yaani lita 5, chupa 10, ndani ya saa 3. Tenga za watu wawili wa namna hiyo, chupa 20. Zinabaki 76, na kwa siku 14 ni 5 kwa siku na ushei mdogo.

Kwa hiyo wodi hii inatakiwa ishuke kutoka chupa 12 hadi 5, na hatua zinazofuata ni za kuzitafuta hizo 7.

Akiba ya 20 iwe kwenye katoni yake, imefungwa kwa plasta yenye tarehe na saini, na ikabidhiwe kwa kuhesabiwa kila zamu. Ufunguo ulale wodini. Akiba ambayo ufunguo wake uko nyumbani kwa mtu saa 8 za usiku ni sawa na kutokuwepo. Ubaoni andika namba tatu kila asubuhi: zilizopo, zilizotumika jana, siku zilizobaki. Daktari akiona "siku 6" mbele ya macho yake, mazungumzo ya raundi yanakuwa mafupi.

Hatua ya 2: Ondoa dripu iliyowekwa ili mshipa usizibe

Hapa ndipo penye chupa nyingi. Mgonjwa anakula, anakunywa, anachongojea ni sindano yake ya saa 12 tu, lakini chupa inaning'inia inadondosha polepole "kuulinda mshipa". Kwa mililita 20 kwa saa, mgonjwa huyo anakula mililita 480 kwa siku, yaani chupa nzima kasoro kidogo. Wagonjwa watatu wa aina hii ni chupa 3, na bado hakuna aliyetibiwa kwa maji hayo.

Badala yake, chomoa mpira, funga kanula (kile kimrija cha plastiki kilichomo mshipani) kwa kizibo chake, na iflashi (isukumie maji kidogo isizibe) kwa salaini ya ampulu ya mililita 10. Mgonjwa wa sindano tatu kwa siku atatumia ampulu tatu, mililita 30. Kazi yenyewe iko hivi:

1. Osha mikono. Sugua kizibo cha kanula kwa pamba yenye spiriti kwa sekunde 15, uache kikauke chenyewe. Usikipulize.
2. Kutoka ampulu moja, vuta mabomba mawili ya mililita 3 kwa wakati mmoja, yote ya mgonjwa huyo huyo. Yaandike. Kinachobaki kwenye ampulu kinatupwa.
3. Sukuma bomba la kwanza polepole huku unatizama ngozi juu ya ncha ya kanula. Ikivimba, ikimuuma au ikiwa ngumu, simama. Usilazimishe, kwa sababu donge la damu linasukumwa kwenye mshipa. Toa kanula, weka nyengine.
4. Toa dawa kwa muda wake.
5. Sukuma bomba la pili. Ikibaki nusu mililita, funga kanula huku dole gumba bado linasukuma. Ukimaliza bomba lote ndipo ukalichomoa, damu hurudi nyuma ikaganda kwenye ncha.

Kama hakuna dawa, flashi kila baada ya saa 8. Na kama dawa zimeshakuwa za mdomo, toa kanula kabisa.

Baada ya siku mbili utasikia: "Huku kufunga hakufai, kanula zinaziba." Mara nyingi kilichorukwa ni namba 5, au mtu amevuta damu ya maabara kupitia kanula hiyo asiflashi baadaye. Sababu nyengine ni kanula kuwekwa kwenye kunjo la kiwiko, mgonjwa akikunja mkono inapinda. Iweke kwenye kigasha, na kwa mtoto funga kibao.

Sasa lile la hatari zaidi katika ukurasa huu. Ampulu zikipungua, litajitokeza wazo la kutundika chupa moja ya salaini kwenye toroli na kila mtu avute ya kuflashi humo. Hapana. Bomba moja lililogusa damu ya mgonjwa mmoja likarudi kwenye chupa hiyo, wodi nzima imepewa ugonjwa wake: homa ya ini, VVU, au bakteria waliozaliana humo mchana kutwa katika joto letu. Sindano iliyoachwa imechomekwa kwenye mpira wa chupa ni mlango wazi. Ampulu zikiisha kabisa, zungumza na mfamasia mkubaliane njia nyengine, kama chupa ya mililita 100 ya mgonjwa mmoja peke yake, yenye jina, saa ya kufunguliwa, na kutupwa baada ya saa 24, kila mara bomba jipya na sindano mpya. Kuchangia kati ya wagonjwa hakuna ruhusa, hata kwa usiku mmoja.

Hatua ya 3: Anayeweza kunywa, anywe

Kuharisha ndiko kunakomaliza ringa wakati wa mvua, ilhali wengi wanaoharisha hawahitaji mshipa. Mgonjwa aliyekaukiwa kiasi (macho yameingia ndani, ana kiu, ngozi inarudi polepole, lakini yuko macho na anakunywa) hupewa ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa) mililita 75 kwa kila kilo kwa saa 4. Mtoto wa kilo 10 ni mililita 750. Kwa kijiko cha chai cha mililita 5, hiyo ni kijiko kimoja kila dakika moja na nusu. Inachosha, na ndiyo maana tunakimbilia dripu. Mpe mama kijiko na kikombe, kaa naye dakika tano za mwanzo umuonyeshe mwendo. Mtoto akitapika, ngojeni dakika 10, kisha muanze tena kwa mwendo wa polepole zaidi. Kutapika mara moja si sababu ya kutundika chupa.

Paketi moja inachanganywa na lita moja kamili ya maji safi, na haitumiki baada ya saa 24. Chupa za maji ya kunywa za lita moja zinapimia vizuri. Chupa za lita moja na nusu zinadanganya, kwani mchanganyiko unakuwa mwepesi. Baada ya saa 4 mpime upya. Akiendelea kuharisha, chini ya miaka 2 anapata mililita 50 hadi 100 kila choo cha maji, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Zinki usisahau: miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6, 20 kwa aliyezidi, siku 10 hadi 14.

Mtoto asiyeweza kunywa kwa kijiko lakini hayuko katika hali ya kufa, na mshipa haupatikani au chupa hakuna, anaweza kupewa ORS kwa mpira wa puani: mililita 20 kwa kilo kwa saa, hadi saa 6. Tumbo likijaa au akatapika mara kwa mara, punguza mwendo.

Aliyekaukiwa vibaya, mlegevu, hawezi kunywa, mapigo hayashikiki: huyu ni wa dripu na hapunguziwi tone. Ringa mililita 100 kwa kilo. Kuanzia mwaka mmoja na kuendelea, 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, 70 zinazobaki kwa saa 2 na nusu. Chini ya mwaka mmoja, 30 kwa saa 1 na 70 kwa saa 5. Ringa ikikosekana, salaini. D5 peke yake haifai kwa kuharisha, haina chumvi hata chembe. Uokoaji wa chupa kwa mgonjwa huyu unakuja mwishoni: akianza tu kumeza, mpe ORS mililita 5 kwa kilo kwa saa huku dripu inaendelea, ili chupa ya kumi ikiisha kusiwe na haja ya kumi na moja.

Madafu, kwa kuwa lazima mtu atauliza: ni kinywaji kizuri cha kuongezea, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hayashiki nafasi ya ORS. Na kwenye mshipa hayaingii.

Wanaosubiri upasuaji nao humaliza chupa bila ya sababu. Mgonjwa aliyefungishwa tangu saa 4 za usiku na kupasuliwa saa 8 mchana lazima atundikiwe maji, maana ameshakauka. Kwa mgonjwa asiye na tatizo la tumbo, chakula kinasimamishwa saa 6 kabla ya nusu kaputi, maziwa ya mama saa 4, na maji meupe au chai kavu saa 2. Kubalianeni na mtoa dawa ya usingizi kuhusu orodha ya siku, mjue nani wa mwanzo na nani wa mwisho, na wa mwisho anywe mpaka wakati wake. Aliyepasuliwa bila ya matatizo, yuko macho na hatapiki, aanze kwa mafunda madogo ya maji, na daktari aulizwe mapema kama dripu inaweza kutoka. Aliyeungua chini ya asilimia 10 ya mwili kwa mtoto, au 15 kwa mtu mzima, kwa kawaida anatosheka na kunywa akiwa hana jeraha la njia ya hewa.

Na kwa wanaohofia kwamba maji machache ni dhambi kwa mtoto mwenye homa kali: utafiti wa FEAST uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ukachapishwa 2011, ulionyesha kwamba watoto wenye homa na mzunguko hafifu wa damu waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48 (karibu asilimia 10.5) kuliko wasiopewa (7.3). Watoto wa kuharisha hawakuwemo katika hesabu hiyo. Maji ya dripu ni dawa, na kila dawa ina kipimo.

Hatua ya 4: Dawa zisiombe chupa

Chupa ya mililita 500 inafunguliwa, 100 zinachanganywa na dawa, 400 zinamwagwa kwenye sinki. Zifanye mara mbili kwa siku, ni chupa 2. Pitia karatasi za dawa na mfamasia, mgonjwa mmoja mmoja, kwa maswali mawili: je, iko ya mdomo? Kama haiko, je, inaweza kusukumwa kwa bomba?

Metronidazo ya kidonge inafyonzwa karibu yote. Anayemeza hana haja ya ile chupa ya mililita 100. Parasetamo vilevile. Seftriaksoni ya gramu 1 inayeyushwa kwa mililita 10 za maji ya kuchanganyia dawa na kusukumwa kwa dakika 2 hadi 4. Isikutane na ringa kwenye mpira mmoja, kwani kalisi ya ringa hugandana nayo. Flashi kwa salaini kabla na baada. Ukiichanganya na dawa ya ganzi kwa sindano ya msuli, bomba hilo lisikaribie mshipa.

Malaria kali haina tena sababu ya kwinini ndani ya D5 kwa saa 4. Atesuneti ya miligramu 60 inayeyushwa kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti iliyomo ndani ya paketi, tikisa mpaka ing'are, ongeza mililita 5 za salaini au D5 kwa mshipa, au 2 kwa msuli. Isichanganywe na maji ya kuchanganyia dawa. Itumike ndani ya saa moja. Kipimo ni miligramu 2.4 kwa kilo, na 3 kwa mtoto aliye chini ya kilo 20.

Wodi ya wazazi ina nafasi yake. Oksitosini ya kuzuia damu baada ya mtoto kutoka ni yuniti 10 za msuli, haihitaji chupa. Kwa kifafa cha mimba, njia ya msuli ya magneziamu salfeti haihitaji dripu: vuta mililita 8 za asilimia 50 (gramu 4), ongeza mililita 12 za maji ya kuchanganyia dawa upate 20 za asilimia 20, sukuma kwenye mshipa polepole, si chini ya dakika 5. Kisha gramu 5, yaani mililita 10 za asilimia 50, kila tako, pamoja na mililita 1 ya lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 ndani ya bomba hilo hilo. Baadaye gramu 5 kila saa 4, tako kwa zamu. Kabla ya kila dozi: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Kalisi glukoneti gramu 1, dawa ya kuizima magneziamu ikizidi, iwe kitandani.

Zipo dawa ambazo kubana matumizi hakuzigusi. Potasiamu kloraidi haisukumwi kamwe, inaua papo hapo. Anayekunywa apewe ya mdomo. Vankomaisini inahitaji saa nzima au zaidi. Dawa usiyoijua kasi yake, uliza kabla hujalishika bomba.

Kuongezewa damu kuna tabia yake: chupa ya salaini inatundikwa kabla "kufungua njia", na nyengine baada "kusafisha". Jaza mpira kwa damu yenyewe, na njia ya kanula iflashi kwa ampulu. Kama lazima kuwe na maji karibu, yawe salaini tu. D5 inavunja chembe za damu, ringa inaweza kuigandisha.

Hatua ya 5: Iliyokwisha kutundikwa iishe kazi yake

Mgonjwa anapokelewa dharura na chupa ya ringa iliyobaki nusu. Akifika wodini inatupwa, inatundikwa mpya. Aje na chupa yake. Bandika plasta yenye jina, aina ya maji, saa ya kuanza na matone. Usiandike kwa kalamu ya wino juu ya plastiki yenyewe. Akipelekwa Chake Chake kutoka Micheweni, au akivushwa kutoka hospitali ya Abdalla Mzee, Pemba, kwenda Mnazi Mmoja, Unguja, chupa na karatasi ya maji vinakwenda pamoja, na wapokezi wapigiwe simu wajue. Chupa iliyotobolewa haizidi saa 24. Mpira wa dripu inayoendelea hauna haja ya kubadilishwa kila siku. Mpaka saa 96 unafaa, isipokuwa uliopitisha damu au mafuta, au uliochafuka. Kila mpira mpya hula kiasi cha mililita 15 hadi 20 kwa kujazwa tu.

Dripu inayokwenda ovyo ni upotevu pande zote mbili. Hesabu ni hii: mililita mara matone ya mpira, gawa kwa dakika. Mililita 500 kwa saa 8 kwa mpira wa 20 ni 10,000 gawa kwa 480, sawa na matone 21, tone moja kila sekunde tatu hivi. Kisha bandika plasta nyembamba kwa urefu wa chupa. Imetundikwa saa 2 asubuhi: weka alama ya saa 4 kwenye mililita 375 zilizobaki, saa 6 kwenye 250, saa 8 kwenye 125, saa 10 jioni mwisho. Anayepita na chai yake mkononi anaona mara moja kama maji yamekimbia au yamelala. Yakiwa yamelala, usifungue kasi ili "kufidia". Tafuta kwanza sababu: mkono umekunjwa, mpira umebanwa na kitanda, kanula imetoka mshipani na kigasha kinavimba.

Chupa ngumu za plastiki zina hila yao. Zinahitaji hewa iingie ndipo maji yatoke, na kitundu cha hewa chenye kifuniko kiko kwenye mpira, karibu na ncha inayotoboa chupa. Kifungue. Wengi hawakijui, wanachoma sindano tupu juu ya chupa, na hewa ya wodi inaingia na vyote vilivyomo.

Kwa watoto, tumia buret (kile kichupa cha kupimia kinachokaa kati ya chupa na mpira) ya mililita 100 au 150 kama ipo. Mtoto wa kilo 6 anayehitaji mililita 600 kwa siku asitundikiwe chupa wazi ya 500. Kifungo kikilegea usiku, anazama.

Maji ya mishipani si ya kuoshea. Vidonda vinasafishwa sawasawa kwa maji ya kunywa yaliyochemshwa, yakapoa kwenye chombo safi chenye mfuniko, na kumwagwa siku hiyo hiyo. Chupa ya kulainishia hewa ya oksijeni haitiwi salaini; kwa kasi ndogo, chini ya lita 4 kwa dakika kwa mtu mzima, hahitaji hata kulainishiwa hewa. Kuosha kibofu baada ya upasuaji ni jambo jengine, hapo panahitajika maji tasa. Na maji ya chumvi ya kutengeneza wenyewe, yachemshwe mara ngapi, hayaingii mshipani.

Jamaa wa mgonjwa

Bila ya wao mpango hauendi. Dripu ina heshima yake. Mgonjwa asiyetundikiwa kitu anaonekana hajatibiwa.

"Mwanangu, mtilieni maji mama yako huyu apate nguvu."

"Bibi, chupa hii ina sukari ya vijiko vitano vya chai, basi. Kikombe cha uji kinaishinda. Nisaidie kumnywesha, na kila kikombe kikiisha piga mstari hapa, nami nitakuja kuhesabu."

Na ni kweli: nusu lita ya D5 ina gramu 25 za sukari. Mpe karatasi na kikombe chenye alama ya mililita 200. Mistari yake huingia kwenye karatasi ya maji, na mara nyingi ni sahihi kuliko kumbukumbu yetu. Mwezi wa Ramadhani zungumza naye mapema. Mgonjwa mwenye ruhusa ya kula mchana akijilazimisha kufunga, jioni atahitaji chupa ambayo asingeihitaji.

Mzigo ukifika

Usirudishe mambo ya zamani siku hiyo hiyo. Panga makatoni juu ya mbao, sentimita 10 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani, yasipande zaidi ya mita 2 na nusu. Zinazoisha muda mwanzo ziwe mbele. Chupa iliyovuja, yenye ukungu au chembe ikiinuliwa kwenye mwanga, itolewe na iandikwe. Jaza akiba ya 20 kwanza. Oda mpya iandikwe kwa matumizi ya kabla ya upungufu na ya wakati wa upungufu, yote mawili, pamoja na maelezo. Ukituma ya wakati wa upungufu peke yake, Bohari Kuu ya dawa itadhani chupa 5 kwa siku ndiyo haja yenu. Na zile mlizoazima wodi ya jirani au hospitali ya pili zirudishwe wiki hiyo, kwa daftari na saini ya aliyezipokea.